Wagawaji wa Vitabu

Mdogo wangu tunamwita Profesa nyumbani tangu akiwa mtoto, na si kwa sifa. Alikuwa mtoto wa kuuliza. Ukimtuma chumvi anataka kujua kwa nini isiwe sukari. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini, kwa hiyo maswali yake yalinichosha mimi kabla hayajamchosha mtu mwingine yeyote duniani. Alipokua akapata kazi ya kuuliza maswali na kulipwa, nikasema haya, kila mtu na bahati yake.

Kituo chao cha utafiti kimepanga juu ya duka la matairi. Ukipanda ngazi unanusa mpira mpaka kichwa kinagonga. Ndani kuna meza chache, feni inayozunguka ikitaka, na ukuta mzima wa ripoti za wataalamu waliotoka mbali, wakalala hotelini, wakatembelea shule zilizo kando ya lami, wakarudi kwao kutuandika. Ripoti moja ikilisifu jambo, linaletwa shuleni kwetu ndani ya masanduku. Ripoti inayofuata ikiliponda, masanduku yanahamia stoo. Mimi ni mwalimu mkuu na funguo za stoo ninazo mimi, kwa hiyo sisimuliwi.

Siku wizara ilipotangaza kwamba safari hii sera ya kusoma itatokana na utafiti wa watu wa hapa hapa, mdogo wangu alinipigia simu akashindwa kuongea. Nikadhani kuna msiba. Kumbe analia kwa furaha, mtu mzima na ndevu zake. Nilimcheka, lakini na mimi nililengwalengwa na machozi. Kituo chao kidogo ndicho kilichochaguliwa, naye akaomba aanzie shuleni kwangu.

Shule yangu iko nyuma ya stendi ya malori. Madarasa yamezunguka uwanja wa vumbi, na harufu ya dizeli tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Kila asubuhi, kipindi cha kwanza, hakuna darasa la kwanza wala la sita. Kengele ikilia, watoto wanakwenda kukaa kwa kadiri wanavyojua kusoma. Wanaohangaika na herufi ni kundi la Kijiko. Wanaounga maneno ni Kikombe. Wanaosoma sentensi ni Sufuria, na wanaomaliza hadithi nzima bila kukwama ni Pipa. Majina waliyatunga wenyewe, na sisi walimu tukayadaka.

Shida ilikuwa wakubwa. Shule yoyote inayosema kweli ina watoto wa darasa la tano na la sita wasioweza kusoma ubao, waliosukumwa mwaka hadi mwaka kwa sababu wadogo nyuma yao wanahitaji madawati. Sasa mchukue kijana ambaye sauti imeanza kuwa nzito, umkalishe Kijiko na watoto wanaong'oka meno ya utoto. Kesho humwoni. Tulilihangaikia jambo hilo mpaka tukapata ujanja, na ni ujanja kweli, sioni haya kuuita hivyo. Tukawapa wakubwa hao cheo cha ugawaji. Mgawaji anapokea vitabu kwa mwalimu, anawagawia wadogo wa Kijiko, kisha anakaa katikati yao na kitabu chake mwenyewe, eti anasimamia. Mtoto akikwama, mgawaji anasema "rudia" na kumwangalia mwalimu. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Huku anasema rudia, macho yake yanafuata kidole cha mtoto, na taratibu herufi zinamwingia bila mtu kujua kwamba hakuwa nazo. Akizijua, anapandishwa cheo, anakwenda kugawa Kikombe. Hata sisi walimu, tukiwa peke yetu ofisini na mlango umefungwa, hatukuwaita kwa jina jingine. Walikuwa wagawaji, basi.

Hodari wao alikuwa binti mmoja wa darasa la sita. Watoto walimwita Shangazi, maana aliwafuta kamasi na kuwafunga kamba za viatu kwanza, ndipo awagawie vitabu. Baba yake ni mfyatua matofali ng'ambo ya barabara ya malori, mtu wa maneno machache. Mwanzoni mwa mwaka alikuja ofisini kwangu na udongo hadi viwikoni. Akaniambia mtoto amekaa shuleni miaka yote hiyo na hawezi kumsomea maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Anampa mwaka huu mmoja. Mwaka ukiisha hajui kusoma, atakuja kusaidia kwenye tanuri. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana nilimwamini.

Nikamshika yule binti kama yai. Katikati ya mwaka akahamia Kikombe. Siku moja, nikitafuta jembe nyuma ya stoo, nilimkuta amekaa chini na mtoto mmoja wa Kijiko, anamsomea kitabu cha Sufuria. Alisoma polepole, akirudi nyuma, akijisahihisha, akidhani hakuna anayemsikia. Niliacha jembe nikaondoka kwa kunyata. Siku nzima ile sikumgombeza mtu.

Profesa aliyaona haya yote. Alikaa kwetu muhula mzima, amejikunja kwenye benchi la darasa la kwanza magoti yakikaribia masikio, na watoto wakimcheka. Aliwapima kusoma alipoingia na alipokuwa anaondoka. Waliopanda kuliko wote hawakuwa watoto wa Pipa wala wa Sufuria. Walikuwa wagawaji. Alikuja nyumbani kwangu na karatasi zake, hakula, hakukaa, akawa anazunguka meza kama mtu aliyepotelewa na funguo.

Nilimwomba kitu kimoja tu. Nilimwambia aandike vikundi, aandike saa, aandike majina ya vyombo kama anataka, lakini wagawaji awaache. Jambo lenyewe linaishi kwa sababu halisemwi.

"Dada, nisipowaandika wataiga vikundi na kuacha kile kinachovifanya vifanye kazi," alisema. "Watawakalisha wakubwa na wadogo hivi hivi, na wakubwa watakimbia. Lazima niandike, na niandike wazi."

Alikuwa sahihi. Nasema hivyo hata leo, ingawa nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu wa damu yangu. Aliandika vizuri, kurasa nyingi, shule yangu akaificha kwa herufi moja tu. Kuhusu wagawaji aliandika kwamba heshima yao ndiyo injini ya mpango wote, na ikiguswa kila kitu kitasimama.

Wizarani hawana muda wa kurasa nyingi. Kuna ofisi kazi yake ni kufupisha, nayo ikafupisha. Profesa aliniletea muhtasari, ameushika kwa ncha za vidole. Sura nzima ya wagawaji ilikuwa imebaki sentensi moja: wanafunzi wakubwa wasiojua kusoma, ambao hujificha miongoni mwa wadogo, watambuliwe mapema. Nilisoma nikacheka kile kicheko cha mtu aliyejigonga kiwiko. Yeye hakucheka.

Muhula uliofuata yakaja masanduku, kwetu kwanza kwa majaribio. Nilipoona gari linarudi nyuma kuelekea ofisini, nilitoka na funguo za stoo mkononi. Aliyeshuka alikuwa Mratibu wa mpango huo kutoka wizarani, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na ningependa sana niseme alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alijua majina ya walimu wangu wote, alileta chaki bila kuombwa, na alipozungumza juu ya watoto wasiojua kusoma macho yake yalibadilika. Aliniambia kwa fahari kwamba kwa mara ya kwanza wamewasikiliza watu wao wenyewe.

Ndani ya masanduku kulikuwa na kadi za kuvaa shingoni. Vijiko na vikombe, alisema, havina hadhi ya mpango wa taifa. Sasa kulikuwa na kadi nyekundu, njano na kijani, na kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa darasa la mtoto na ngazi yake, ili mkaguzi akiingia tu aone nani anahitaji msaada. Na ngazi ilipimwa kwa darasa la mtoto. Mtoto wa darasa la kwanza akiunga maneno ni ngazi ya juu. Wa darasa la sita akiunga maneno yale yale ni ngazi ya chini.

Nilimweleza. Nilivunja mwiko wa ofisi yetu, nikamwambia wagawaji ni nani na kwa nini wasivishwe kadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. Akasema anajua inauma, ila kumficha mtoto hakujawahi kumsaidia mtoto, na kila mtoto ana haki ya kujulikana alipo. Nilimpigia Profesa, akaacha chakula mezani akaenda mbio wizarani. Kule wakamwambia kadi zimeshachapwa, na kwamba angepaswa kujivunia, kwani jina la kituo chao limewekwa ukurasa wa kwanza.

Nikaamriwa nizigawe, nikazigawa. Ningekataa, angekuja mwalimu mkuu mwingine wa kuzigawa kwa bidii zaidi. Ndivyo nilivyojiambia usiku, na sikujisadiki.

Asubuhi ile Shangazi alipokea kadi yake nyekundu na vitabu kwa pamoja. Kadi akaivaa bila kuiangalia, akaanza kugawa. Alimaliza kugawa vyote. Alipokaa ndipo mtoto mmoja pembeni yake akaishika ile kadi na kuichezea, naye akainamisha kichwa. Nikaona midomo yake inaanza kwenda. Nilitaka kupiga kelele, kuangusha meza, chochote. Alisoma taratibu, kwa sauti, akiunga silabi kama tulivyomfundisha, na hakukosea hata moja.

"Da-ra-sa la si-ta. Nga-zi ya chi-ni."

Yule mtoto akamuuliza, bila ubaya wowote, "Kumbe Shangazi na wewe ni wa chini kama sisi?"

Alisimama, akavua kadi, akazungusha kamba yake vizuri, akaja kuiweka mezani kwangu. Hakulia. Alichukua mkoba wake akapita katikati ya uwanja, na mimi nikabaki nimeshika kitabu cha mahudhurio kama mtu aliyepigwa ganzi.

Siku iliyofuata nilimfuata tanurini. Baba yake alikuwa upande wa pili akichochea moto. Binti alikuwa anapanga matofali mabichi juani, viganja vimeshaanza kuchubuka, na aliponiona hakuacha kazi. Nilimwambia arudi. Nilimwambia alisoma vizuri, hata darasa la sita wengine wasingeisoma kadi ile upesi hivyo.

"Kama ningekuwa sijui kusoma, mwalimu, ningeivaa tu," alisema. Kisha akatazama upande wa baba yake. "Nimemwambia nimeshindwa. Usimwambie kwamba najua. Atanirudisha."

Sikumwambia. Niliogopa kumpoteza kabisa, nikadhani siku zitapita, kadi zitachakaa, atatulia. Badala yake wagawaji wengine wakaanza kuyeyuka. Mmoja akaenda na malori ya mjomba wake, mwingine akaanza kuuza maji stendi, wengine wakatoweka kimya kimya na benchi zao zikajaa wadogo. Mwisho wa mwaka wizara ilikuja kupima. Wastani wa shule yangu ulikuwa umepanda kuliko miaka yote. Kwa nini usipande? Wote waliokuwa wakiuvuta chini walikuwa wameondoka.

Waliniita kwenye ukumbi wenye viyoyozi, wakanipigia makofi, wakanipa cheti chenye utepe. Nilikipokea nimejaa hasira. Profesa alisimama mbele ya watu wote akaeleza kwamba wastani umepanda kwa sababu watoto wamepungua, na waliopungua ndio waliokuwa wanajifunza haraka zaidi. Watu wakaanza kuangalia simu zao. Kuna aliyesema kwa sauti ya kusikika kwamba utafiti ule wa kwanza ulifanywa shuleni kwa dada yake, wa tumbo moja, na tena mtafiti alikuwa analala kwa dada huyo huyo. Ni kweli, alikuwa analala kwangu. Kituo hakikuwa na fedha za kumlaza pengine, na ni mtafiti wa hapa hapa tu anayeweza kuwa na dada kwenye shule anayoichunguza.

Mratibu alitufuata nje, chini ya ngazi. Uso ulikuwa umemshuka.

"Hao walioondoka, mimi naambiwa wangefeli tu," alimwambia Profesa. "Nioneshe mmoja. Mmoja tu aliyekuwa anajifunza, umpime mbele ya macho yangu, na nitasimamisha kadi zisiende nchi nzima. Nakuapia."

Na alimaanisha. Profesa akazunguka mji mzima akiwatafuta. Walioko safarini hakuwapata, waliopo walimfungia milango. Akabaki Shangazi.

Tulikwenda tanurini sote watatu, Mratibu na viatu vyake vizuri akikanyaga majivu bila kulalamika. Profesa alimweleza baba yake kila kitu kwa heshima, akaomba ruhusa. Yule mzee alijifuta mikono, akamwita binti yake. Uso wake, ambao sikuwahi kuuona ukicheka, ulikuwa umefunguka.

"Kumbe alikuwa anajua?" aliniuliza. "Basi akisoma hapo, kesho asubuhi nampeleka mwenyewe. Na kadi yenu ataivaa."

Alisema kwa furaha, maskini. Mimi nilimwona Shangazi akiyasikia maneno hayo. Nilifungua mdomo nimwambie hatavaa kadi yoyote, kwamba akisoma ndiyo zinakwisha. Mratibu aliinua kiganja chake, na Profesa naye akanitazama.

"Dada, tafadhali," alisema. "Ukisema neno, haitahesabika."

Ndiyo sheria ya kazi yao. Mtoto hapewi dokezo, haombwi, habembelezwi. Anapewa karatasi, na kinachotoka mdomoni mwake ndicho kinachoandikwa. Nikafunga mdomo.

Karatasi ilikuwa na hadithi fupi ya mbuzi aliyeingia ndani ya nyumba, akala kofia ya baba, kisha akajitazama kwenye kioo na kuona haya. Shangazi aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Alikaa kimya. Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda, mstari hadi mstari, yakifika ukingoni yanarudi na kushuka. Nilikuwa nimesimama karibu, nikayafuata. Alipofika kwa mbuzi na kioo, pembe ya mdomo wake ikapanda. Alitaka kucheka. Alijiuma mdomo, akashusha pumzi, akamrudishia Profesa karatasi.

"Sijui," alisema.

Profesa alimwambia, kama kanuni zinavyoruhusu, kwamba anaweza kujaribu neno moja tu, lolote.

"Sijui kusoma."

Baba yake aliinamisha kichwa, akarudi kwenye moto wake. Mratibu alimgusa binti begani akamwambia pole mwanangu, si kosa lako, na machozi yalikuwa yamemjaa kweli. Mdogo wangu alishika kalamu muda mrefu. Niliutazama mkono wake, mkono nilioufundisha mimi kushika kijiko. Kisha akaandika sifuri, kwa sababu ndicho alichojibiwa, na kuandika kitu ambacho hakujibiwa hakuweza, yeye ambaye maisha yake yote amewalaani wengine kwa kosa hilo.

Shangazi alikuwa ameshainama juu ya matofali tulipoondoka. Sikupata ujasiri wa kumuaga.

"Alicheka, dada," Profesa aliniambia njiani. "Pale kwenye kioo. Uliona?"

"Niliona."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo."

Nilitaka kumshika mkono kama zamani, nikashindwa. Mbele yetu, Mratibu alikuwa ametangulia kwenye kivuli cha lori, simu sikioni, akiwaambia wachapaji waendelee.